Bi Usikate na Dakika Nne Alizokataa Kupunguziwa

Treni ilifika saa sita na robo mchana, Jumatano tarehe 12 Machi 2025. Mdogo wa marehemu alishuka na mkoba mmoja na anwani aliyoiandika kiganjani. Kazi yake ni ukalimani. Anasema lugha sita, na miji aliyowahi kulala ameshaacha kuihesabu. Lakini mji huu, ambao dada yake wa tumbo moja aliishi kwa miaka arobaini na miwili, hakuwahi kuukanyaga. Alipotea mara mbili kati ya stesheni na soko, akarudi alikotoka, akapita tena mbele ya duka lile lile la miwani, mpaka mama aliyekuwa akifuta vioo akamhurumia.

"Baba, hii ni mara ya tatu unapita. Unatafuta nini?"

"Duka la mpiga chapa."

"Aa, unakwenda msibani kwa Bi Usikate! Pole sana. Wewe nani wake?"

"Mdogo wake."

Yule mama alishusha kitambaa. "Kumbe alikuwa na mdogo," alisema, kisha akamwelekeza kwa mkono, kule penye ngazi za kijani.

Wasifu wa marehemu huanza na kuzaliwa kwake. Huu umeanza na mtu aliyechelewa, na sababu itajulikana kabla haujaisha.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Novemba 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mke wake mfuma sweta. Mdogo wake alifuata mwaka 1962, na wazazi wakaona wawili wanatosha, hasa kwa kuwa huyo wa kwanza peke yake alikuwa sawa na wanne. Alikuwa na hasira za karibu. Alipokuwa na miaka kumi alilipiga jagi la maji chini likavunjika vipande, kisa na mkasa kikiwa ni zamu ya kuosha vyombo. Mama yao alitokea mlangoni na uzi wa sufu begani.

"Nani kavunja jagi?"

"Hasira, mama. Zilinipanda."

"Haya. Ziite hizo hasira zije zifagie."

Msichana alisimama kidogo, akitumaini mama atacheka. Mama hakucheka. Akachukua ufagio, akafagia huku amefura mashavu, na mama akamwambia, "Kasirika tu, mwanangu, sijakukataza. Ila fagia." Mdogo wake, aliyekuwa na miaka mitano, alitazama yote hayo akiwa chini ya meza. Yeye alijifunza somo jingine kabisa: kitu kinapovunjika, uwe umeshatoka nje. Akalifuata somo hilo miaka mingi, kwa treni, kwa meli na kwa ndege.

Marehemu aliingia darasa la kwanza Januari 1965 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1975. Alipenda jiografia na kuchukia ushonaji. Ripoti yake ya darasa la sita ilisema kwa wino mwekundu, "Ana bidii. Apunguze kujibu." Mwaka 1976 alianza mafunzo ya ukatibu na uendeshaji simu, miezi kumi na minane, akapata cheti cha daraja la kwanza. Akaajiriwa kwenye ubao wa simu wa hospitali moja, na humo akajifunza kutambua kwa pumzi tu kama anayepiga anaulizia ndugu aliyelazwa au aliyefariki.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kituo cha zimamoto cha mji huu. Chumba cha simu kilikuwa ghorofa ya pili: viti viwili, dirisha moja lililotazama mlango wa magari, kitabu cha kumbukumbu, na ramani ya mji iliyofunika ukuta mzima, iliyochakaa zaidi pale penye mitaa ya mbao. Kila aliyepiga aliambiwa maneno yale yale: "Tunakuja. Usikate simu." Hakuwa anasema kwa mazoea. Alibaki na mtu masikioni mpaka asikie buti za askari zikiingia upande wa pili. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa peke yake na sufuria linalowaka alimhesabisha vigae vya sakafu, kimoja kimoja, mpaka mlangoni. Vilikuwa kumi na tisa, na hakuvisahau hadi uzeeni. Ndipo jina la Bi Usikate lilipompata, likalimeza lile alilopewa na wazazi, hata barua za benki zikawa zinafika kwa jina hilo.

Mume wake, mpiga chapa, alimjua kwanza kwa sauti. Agosti 1985 stoo yake ya karatasi ilianza kufuka moshi, naye ni mtu wa adabu kupita kiasi.

"Samahani kwa usumbufu, dada. Ningependa kutoa taarifa ya moto, kama mna nafasi."

"Kama tuna nafasi? Kaka, unaungua au unaleta posa?"

"Naungua. Ila hilo la pili nalo tunaweza kulizungumza."

"Toka nje kwanza! Tunakuja. Usikate simu."

Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakapanga vyumba vitatu juu ya duka la chapa, mahali ambapo mashine ikiwashwa vikombe hucheza kabatini. Machi 1988 walipata binti yao, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu.

Sasa siku yenyewe. Alhamisi tarehe 3 Juni 2004.

Mama yao alikuwa amevunjika nyonga Novemba iliyotangulia. Kwa miezi saba marehemu alikuwa akisafiri kila mwisho wa wiki, mwendo wa saa tano kwenda na saa tano kurudi, kumwogesha na kumgeuza. Mdogo wake aliahidi kuja kumpokea mwezi wa tatu, kisha mwezi wa tano, kisha mwanzo wa mwezi wa sita. Saa moja na nusu asubuhi ile alipiga simu kutoka mbali.

"Dada, nivumilie. Nimepata mkataba. Miezi mitatu tu."

"Ulisema Machi. Ukasema Mei."

"Najua. Lakini wewe umeshazoea."

Marehemu aliweka simu chini, akavaa, akaenda kazini.

Saa tano kasoro dakika ishirini simu ilipigwa na kinyozi mstaafu aliyeishi na mke wake katika nyumba ya chini ya jengo la ghorofa tatu. Pale chumba cha simu walimwita Babu Moshi. Kwa miaka miwili alikuwa amepiga mara ishirini na sita, na mara zote ishirini na sita ilikuwa mboga ya jirani iliyoungua, au vumbi la ujenzi, au ukungu wa asubuhi.

"Binti, nasikia harufu ya moshi."

"Babu, wewe kila siku unasikia moshi. Leo sina nafasi."

Akakata.

Baada ya dakika nne jirani wa ghorofa ya pili alipiga, na gari likatoka papo hapo. Katika dakika hizo nne kinyozi aliingia katikati ya mapazia yanayowaka kumtoa mke wake, ambaye hakuweza kutembea. Mke alitoka salama, akaishi miaka mingine sita. Mikono ya kinyozi iliungua yote miwili, na vidole vyake havikufumba tena.

Kamati ya uchunguzi iliketi tarehe 14 Julai. Wajumbe walikuwa watu wema, waliomjua kwa miaka ishirini na mmoja ya kazi safi, na waliandika sentensi ya wema: kwamba mpokeaji simu alikuwa katika hali ya mkazo wa kihisia uliomwondolea uwezo wa kuamua. Marehemu aliomba sentensi hiyo ifutwe.

"Mama, hiyo ndiyo inayokuokoa," mwenyekiti alimwambia.

"Inamwokoa nani? Kama hasira ndizo zilizokata simu, basi siku ile kwenye kiti hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwepo. Nilijua nimekasirika, niliijua namba ya babu, na niliijua kazi yangu."

"Sasa unataka tuandike nini?"

"Kwamba nilikata."

Wakaandika. Alipewa onyo kali na kuondolewa kwenye simu kwa miezi mitatu. Aliwekwa stoo kukunja mipira ya maji.

Alikwenda kwa kinyozi mara tu mzee huyo alipotoka hospitali. Alifika mlangoni akaangua kilio, na mzee akamwacha alie mpaka akachoka kusimama.

"Ukimaliza," alimwambia, "kuna mkasi kwenye droo. Nina wiki sita sijakatwa nywele, na mimi ni kinyozi, ni aibu ya mtaa."

Hakuwahi kushika mkasi wa nywele maishani. Mzee alimfundisha kwa mdomo, akiwa amekaa kitini na taulo shingoni na mikono yenye bandeji mapajani.

"Hapo unakata nywele au unafyeka majani?"

"Nisamehe, babu."

"Mikono nimekusamehe. Masikio bado, kwa hiyo yaache salama. Na usilie, ukilia huoni." Kisha akaongeza, "Watu wanasema majuto ni mjukuu, wanaishia hapo. Mjukuu anaogeshwa, analishwa, anapelekwa shule. Siyo kukaa tu unamlilia mapajani."

Alikwenda kila Alhamisi alasiri kwa miaka tisa, mpaka mzee alipofariki mwaka 2013. Mwishoni alikuwa anakata vizuri kiasi kwamba nusu ya askari wa zamu ya asubuhi walimpangia foleni. Wengi wenu mliokaa hapa mmepita chini ya mkasi huo, na inasemekana masikio yote yapo.

Oktoba 2004 aliporudi chumba cha simu aliweka desturi moja. Kabla mtu hajavaa vipokea sauti vya masikioni, anamwambia mwenzake amekuja na nini moyoni. Ikiwa ni kizito, mwenzake hupokea simu za kwanza, naye huandika kitabuni mpaka kipungue. Hakuna anayemtuliza mwenziwe, hakuna hotuba. Ni kutaja tu, kama mtu anayesema leo ana homa. Mwanzoni walimcheka.

"Mimi nimekuja na njaa," alisema mpokeaji mmoja, mcheshi wa zamu.

"Mkate uko kwenye kabati. Kingine?"

"Hakuna."

"Mbona umebamiza mlango?"

"Nimekuja na wivu," akasema.

"Wa nani?" askari mmoja alidakia kutoka mlangoni.

"Jina si lazima!" Bi Usikate alimkaripia. "Wewe nenda kafunge buti zako. Na wewe, kaa kwenye kitabu nusu saa."

Watu walidhani ameokoka na hasira. Hakuokoka. Alimkasirikia mkandarasi wa ngazi, alimkasirikia msoma habari wa redio, alimkasirikia daktari aliyechelewa. Kilichobadilika ni kimoja: alikuwa anaiuliza hasira yake inakwenda kwa nani, kabla hajaitoa nje. Na ikiwa ni ya haki aliipeleka kwa mwenyewe, bila kupunguza hata tone.

Hilo mdogo wake analijua. Mama yao alipofariki, Septemba 2007, walikutana makaburini kwa siku moja. Mdogo wake alimvuta pembeni akamwambia maneno aliyokuwa ameyabeba miaka mitatu.

"Dada, ya yule mzee ni mimi. Nisingepiga simu asubuhi ile..."

"Sikiliza. Simu yako niliipokea saa moja na nusu. Yake niliipokea saa tano kasoro dakika ishirini. Katikati kulikuwa na saa tatu na dakika kumi, na zote zilikuwa zangu."

"Lakini mimi ndiye niliyekukasirisha."

"Ndiyo, na hasira hiyo ilikuwa halali yako, mdogo wangu. Kosa langu ni kwamba nilimpelekea babu. Ya kwako bado ipo. Njoo nyumbani uichukue."

Hakuja. Alituma kadi, alituma salamu, alipiga simu siku za kuzaliwa. Kila alipoalikwa alisema aibu haimruhusu.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Novemba 2017. Agosti 2023 aligunduliwa kwamba figo zote mbili zimechoka, na kuanzia hapo alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, chumba namba nne, kiti cha dirishani. Wauguzi aliwafundisha ile desturi ya kutaja, na akawa anawauliza kabla hawajamchoma sindano: "Umekuja na nini leo? Sema kabla hujanitoboa." Januari mwaka huu mwili ulianza kukataa mashine. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na nusu alasiri, mume wake akimshika mguu wa kushoto ambao ulikuwa unamsumbua kwa baridi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Siku nne kabla ya hapo alimwambia binti yake, "Mtaandika wasifu. Msinipake poda kwenye karatasi. Dakika zangu nne ziwe nne."

Juzi, Alhamisi asubuhi, watu watatu walikaa dukani kuandika haya, kati ya mashine na rundo la karatasi nyeupe zinazongoja. Mpiga chapa alikuwa tayari na sentensi yake: "Mwaka 2004 alipitia kipindi kigumu kikazi."

"Baba," binti alisema, "hiyo ni poda."

"Mwanangu, watu watakuwa wanazika. Kuna haja wote wajue?"

"Wanajua. Wanachotaka kuona ni kama sisi tunajua."

Mpiga chapa alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Ndipo mdogo wa marehemu akatoa karatasi yake. Alikuwa ameiandika kwenye treni, akafuta, akaandika tena kwenye ngazi za kijani, na aliiona ni ya ushujaa. Ilisema kwamba simu ile ilikatwa kwa sababu ya hasira ambayo mdogo wake ndiye aliyeisababisha, na kwamba lawama zote ni zake.

Binti aliisoma mara mbili, kama anavyosoma daftari la mwanafunzi.

"Mjomba, samahani. Hii nayo ni poda, tena ya bei mbaya. Mama alikataa kamati imwondoe kwenye kiti chake. Wewe umemwondoa ukakaa mwenyewe."

"Nilitaka kubeba sehemu yangu."

"Hiyo si sehemu yako. Hata kwenye kosa la mtu unataka kiti cha mbele? La kwako lipo. Liandike mahali pake."

Mkalimani alitoka nje. Alitembea mpaka kituo cha zimamoto, akazunguka jengo, akapanda mpaka ghorofa ya pili bila kuulizwa, akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha simu. Mwanamke kijana aliyekuwa kitini alimgeukia.

"Karibu. Umekuja na nini?"

Alidhani anaulizwa mkononi ana nini. Alionyesha viganja vitupu. Kisha akaelewa, na katika lugha zake sita hakupata jibu hata moja ambalo si kisingizio. Akashuka, akarudi dukani, akaomba kalamu. Shemeji yake alikuwa ameshaifuta sentensi yake mwenyewe.

Kwa hiyo, kama ilivyochapwa kwenye karatasi mlizoshika: tarehe 3 Juni 2004, saa tano kasoro dakika ishirini, marehemu alikata simu ya mtu aliyeomba msaada. Alikuwa amekasirika na alijua. Hakumpa mtu mwingine kosa hilo, wala hakulilea kwa machozi. Aliligeuza kazi ya Alhamisi miaka tisa na desturi ya chumba kimoja ambayo hadi leo inafuatwa.

Na mdogo wake, aliyesimama mbele yenu akisoma, alimwacha dada yake peke yake na mama mgonjwa, akamwambia amezoea. Kisha hakuja nyumbani kwake kwa miaka mingine ishirini na mmoja. Muda wote huo alisema ni aibu iliyomzuia. Aibu haikuwa na tiketi, haikuwa na miguu. Yeye ndiye aliyeamua kutokuja, mwaka baada ya mwaka, na hasira aliyoambiwa aje kuichukua hatapewa tena na mtu.

Marehemu ameacha mume, mpiga chapa, binti mmoja, mwalimu wa hesabu, mkwe mmoja, wajukuu wawili, wa miaka kumi na miaka sita, mdogo mmoja, na wapokeaji simu kumi na mmoja wa zamu tatu, ambao wawili kati yao wako kitini muda huu na hawakuweza kuja.

Gari limeshawashwa. Kuna nafasi ya mume na binti tu kumsindikiza mpaka kaburini, na ndivyo mwenyewe alivyotaka. Sisi wengine tunaagana naye hapa uwanjani. Anaondoka yeye, ambaye hakuwahi kuondoka kwa mtu ila mara moja. Mdogo wake anabaki, na mkoba wake uko juu, kwenye chumba cha tatu, umefunguliwa.

Dada, amani uliyoihangaikia bila kuikopa kwa mtu, ulale nayo.